Komiseri Bukari

Kwa miaka tisa Liévin Mumba alikuwa Komiseri Kapya wa mchezo wa redio. Kila Alhamisi jioni watu wa Lubumbashi waliwasha redio kumsikiliza akiwawinda wezi wa shaba, na madereva wa teksi wakimtambua kwa sauti walimpa kiti cha mbele. Alijifanya amechoshwa na sifa hizo. Alizipenda mno.

Mwezi wa tano rekodi moja ikaanza kuzunguka katika simu. Ilikuwa ya dakika kumi na mbili, na iliitwa Komiseri Bukari: polisi mwenye sauti ileile ya Kapya, ambaye kila akikaribia kumkamata mwizi ananusa bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo, anaketi kula, na mwizi anamsaidia kumaliza sahani. Mji mzima ulicheka. Victorine, mke wa Liévin, alicheka hadi akaegemea ukuta. Alipomwona mumewe mlangoni, akazima simu haraka. Kule kuzima kulimuuma kuliko kicheko.

Kisha mama yake Liévin akapiga simu kutoka Kasomeno.

"Mutoto yangu, umetuchekesha! Ile ya kukula na mwizi iko muzuri kupita zote."

"Mama, ile hapana mimi."

"Nani basi? Sauti yako naijua, nilikuzaa."

Siku hiyo Liévin hakugusa chakula. Aliulizia huku na huku mpaka akaambiwa: ni Rehema, mshonaji wa mtaa wa Kamalondo. Mwanamke!

Alimkuta akikata kitambaa, wateja wawili wakisubiri kwenye benchi.

"Umeiba sauti yangu," alinguruma, kwa sauti ya Kapya yenyewe.

Mteja mmoja akaangua kicheko. "Papa, unajaribu. Lakini Mama Rehema anajua kupita weye."

Rehema hakucheka. Aliwaomba wateja wampishe kidogo, akaweka mkasi chini.

"Papa Liévin, haunikumbuke?"

"Hapana."

"Nilikuya ku redio mara tatu kuomba kazi. Mara ya mwisho mulikuwa bantu batatu ku meza. Weye njo ulisema: huyu mama sauti yake iko nzito, atalia tu ku matanga. Basi nililia ku matanga ya mu muchezo wenu, episodi ine. Kisha kila Alhamisi nilikuwa nakusikiliza hapa ku mashine, roho inaniuma, narudilia maneno yako yote. Nilikuwa na wivu, papa. Sikuwa na mwalimu mwingine."

Liévin akaondoka bila kuaga.

Wiki iliyofuata alimwambia Franck, mwongozaji wa mchezo, amchukue Rehema. Alisema ni kwa ajili ya haki. Ukweli ni kwamba alitaka kusimama karibu naye amsikie akikosea.

Rehema hakukosea. Alipewa nafasi ya mkuu wa genge la wezi, na haukupita mwezi wasikilizaji wakaanza kupiga simu redioni kuomba asikamatwe.

Siku hizi Liévin anafika studio saa nzima kabla ya wenzake, anajifungia chooni na kurudia mistari yake. Franck anasema hajawahi kuigiza vizuri namna hii. Liévin anashukuru. Kisha anauliza, kana kwamba ni jambo dogo tu, kama Mama Rehema naye ameambiwa hivyo.