Kurasa Arobaini na Moja

Mokeira hakuwa mtu wa kuamini jambo lililonyooka kupita kiasi. Mchuuzi wa ndizi akizisifia mno, yeye huupindua mkungu mzima kutafuta palipooza. Kwa hiyo siku ya Jumatano, Gaurav alipomgeuzia kompyuta na kumwonyesha maandishi ya kijani yaliyosema *Kurasa 3,112. Makosa 0*, hakupiga makofi. Alivuta kiti akaketi.

"Sifuri?" aliuliza.

"Sifuri," Gaurav akajibu, akijinyoosha mgongo kwa raha zake. "Si nilikuambia? Ijumaa tunafuta ile mashine ya zamani, tunaenda nyumbani mapema."

Ofisi yao ilikuwa mjini Kisii, juu ya duka la vifaa vya ujenzi la mzee Kantilal, babu yake Gaurav. Kazi waliyopewa ilikuwa kuhamisha rekodi za wagonjwa wa zahanati moja ya Sironga kutoka kwenye kompyuta kuukuu hadi mfumo mpya. Gaurav aliandika programu ya kuzisoma kurasa hizo. Mokeira alikuwa wa kukagua na kutia sahihi, na sahihi hiyo ndiyo iliyomnyima raha. Ikishatiwa, mashine ya zamani inafutwa. Kama kuna mgonjwa aliyepotea njiani, amepotea moja kwa moja, na jina lililo chini ya karatasi ni la Mokeira.

Kila mgonjwa alikuwa na ukurasa wake, na kurasa zote ziliandikwa na mtu mmoja, muuguzi aitwaye Gesare, kwa miaka kumi na moja. Kila habari ilianza kwa alama ya kufungua, yaani neno ndani ya mabano yenye ncha, na ikaisha kwa alama ya kufunga, neno lile lile likitanguliwa na mkwaju, kile kistari cha mshazari. Sasa nani atakayeandika maelfu ya alama za aina hiyo kwa vidole viwili, watoto wenye homa wakimlilia mlangoni na stima ikipotea kila mara, asikosee hata moja? Mokeira alisomea kazi hiyo chuoni na bado alikuwa akikosea kabla ya chai ya saa nne.

"Programu yako inadanganya," alisema.

"Haidanganyi, inasamehe. Ikikuta alama haijafungwa, inaifunga yenyewe na kusonga mbele. Hata vivinjari hufanya hivyo. Wewe ungeona uchafu ulio nyuma ya kurasa unazosoma kwa simu kila siku, ungelia. Kivinjari kinarekebisha kimyakimya, ukurasa unakuja ukiwa safi, kila mtu anafurahi."

"Na hakimwambii mtu?"

"Kimwambie nani? Nani anataka kujua?"

"Mimi," Mokeira akasema.

Mchana huo alichukua nakala ya programu na kuiondoa sehemu yote ya msamaha. Akaiagiza ikikuta kosa isikisie wala isirekebishe, bali isimame na kuandika jina la ukurasa. Alitarajia mamia ya makosa ya kila namna, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyechoka. Zilitoka kurasa arobaini na moja, zote zikiwa na kosa moja lile lile.

Hapo shaka ikamzidi. Mzembe hukosea ovyo ovyo, leo hapa, kesho pale. Kurasa hizi zilikuwa safi kutoka juu hadi chini, ila ile alama ya mwisho kabisa, inayofunga ukurasa mzima wa mgonjwa, haikuwepo. Na zile kurasa nyingine, zilizofungwa sawasawa, tarehe zake zilikuwa na mambo. Mgonjwa alitibiwa tarehe tatu, lakini faili lake liliguswa mara ya mwisho tarehe ishirini na nne. Ndani hamkuwa na neno jipya hata moja. Likafuata faili jingine vivyo hivyo, na jingine. Kuna mtu alikuwa akirudi kwenye rekodi hizo, wiki baada ya wiki, akifanya jambo na kutoka.

Naye Gesare aliacha kazi ghafla mwaka uliotangulia, miaka minne kabla ya kustaafu. Hakuagwa hata kwa soda.

"Labda alifukuzwa," Gaurav akasema alipoonyeshwa. "Lakini shida iko wapi, Mokeira? Tunazifunga hizo arobaini na moja. Mfumo mpya ukiona ukurasa umefungwa unaandika 'Imekamilika', basi, imeisha hiyo."

Neno hilo, 'Imekamilika', lilimfuata Mokeira hadi kitandani.

Alhamisi asubuhi alipanda pikipiki hadi Mosocho. Alimkuta Gesare uani akichambua mboga za chinsaga kwenye ungo. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye sweta la rangi ya maziwa, na macho yake yalikupima kabla ya mdomo wake kukusalimu.

"Bwakire, Sista," Mokeira akasema.

"Bwakire. Wewe ni msichana wa nani?"

"Wa Manasseh, wa Suneka. Ninashughulikia zile rekodi za zahanati."

Gesare aliuweka ungo chini polepole, akamkaribisha ndani. Alimimina chai kwa mkono wa kulia. Wa kushoto aliubana ubavuni muda wote, na Mokeira, kwa jinsi alivyokuja na roho ya kipelelezi, akadhani kuna kitu kinachofichwa ndani ya lile sweta. Hata chai hakuingoja ipoe.

"Sista, nani alikuwa anagusa faili za wagonjwa baada ya wao kutibiwa?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unabadilisha nini?"

"Nilikuwa naweka ile alama ya mwisho." Gesare alisema hivyo bila kupepesa macho. "Sikia, mwanangu. Wale wakubwa walikuwa wanataka ripoti nzuri. Nikiandika mgonjwa hajarudi, naambiwa futa, hiyo inaharibu ripoti. Sasa siku moja nikasahau hiyo alama ya mwisho. Nikangoja kompyuta ikatae. Haikukataa. Ukurasa ukatokea sawa tu, huwezi jua kama kuna kitu imekosekana. Nikasema, kumbe hapa kuna mahali pa kuandika na hakuna mtu ataona."

Mokeira alikitua kikombe mezani. Hila ilikuwepo kweli, lakini haikuwa ile aliyokuja kuikamata.

"Kwa hivyo ukurasa usiofungwa..."

"Huyo ni mtu hajarudi. Akirudi nimuone amepona, naenda naweka alama. Asiporudi, nawacha hivyo. Kila Jumatatu nilikuwa natafuta hizo hazina alama, napiga simu. Simu isiposhika, natuma neno kwa kanisa lao."

Gesare aliingia chumbani, akarudi na daftari la shule lenye jalada la buluu. Ndani kulikuwa na majina, vijiji na nambari za simu. Yule wa kifafa wa Nyamaiya. Mama wa presha. Mtoto wa kifua aliyehamia kwa shangazi yake. Alikuwa amewanakili wote kabla ya kuondoka, kwa sababu hakumwamini atakayekuja baada yake.

"Ni arobaini," alisema.

"Mashine imenipa arobaini na moja."

Gesare aliuangalia mdomo wa kikombe chake. Nje kuku alikuwa akiparuaparua majani.

"Basi mashine yako imehesabu vibaya," alisema. "Kunywa chai, inapoa."

Mokeira aliinywa, lakini alitoka pale na daftari mkononi na dukuduku moyoni. Sista alikuwa amesema ukweli mwingi sana kwa ajili ya kuficha jambo moja dogo, naye alikuwa ameshindwa kulijua ni lipi. Njia nzima alijilaumu kwa kushuku mwanamke wa watu, na njia nzima akaendelea kumshuku.

Ijumaa alifika ofisini kabla ya duka la chini kufunguliwa. Aliweka daftari upande mmoja na orodha ya mashine upande wa pili, akaanza kukata jina kwa jina kwa kalamu nyekundu. Gaurav alipoingia na mandazi, lilikuwa limebaki jina moja. Mokeira aliufungua ukurasa wenyewe.

*Gesare Obwocha. Mwanamke, miaka 56. Uvimbe titi la kushoto. Kipande kimepelekwa kupimwa. Arudi baada ya wiki tatu.*

Tarehe ilikuwa ya Machi mwaka uliopita, wiki mbili kabla ya kuacha kazi. Alikuwa amejiandika mwenyewe kwa utaratibu ule ule, kila alama mahali pake, na ile ya mwisho hakuiweka.

Gaurav alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti. 

"Programu yangu ingemfunga," alisema hatimaye.

"Ingemfunga, ndiyo."

"Na ingeandika imekamilika."

Mokeira aliona aibu, aibu kabisa, kwa ajili ya ule mkono aliodhani umeficha kitu. Alivuta fomu ya ukaguzi. Chini ya makosa aliandika sifuri, maana hayakuwa makosa. Chini yake akaandika: *Kurasa 41 zibaki wazi. Mashine ya zamani isifutwe.* Akatia sahihi. Kisha akashika simu.

"Sista, ni Mokeira. Mashine ilihesabu sawa."

Upande wa pili palisikika yule kuku.

"Majibu uliyachukua?" Mokeira akauliza.

"Hapana." Sauti ya Gesare ilikuwa ndogo. "Niliogopa. Yule daktari alisema nirudi, mimi nikarudi nyumbani. Hao wengine wote nilikuwa nawapigia simu mimi. Na mimi nilijua hakuna mtu wa kunipigia. Ndiyo maana nilijiandika hapo."

Kwa maneno ya faraja Mokeira hakuwa na kipaji.

"Jumatatu ninakuja kukuchukua," alisema. "Tutaenda pamoja kuulizia hayo majibu."

"Na hao arobaini?"

"Gaurav ameshaanza kuwapigia." Gaurav, ambaye hakuwa ameanza lolote, aliliweka andazi chini na kulivuta lile daftari. "Lakini mimi naanza na wewe."

 

"Basi ukuje mapema," Gesare akasema. "Huko watu hupanga foleni kutoka saa kumi na mbili."