Mwaka Tuliovuka Lengo

Siku hiyo Mbaruku alikuwa amejipiga pamba hasa: koti, suruali ya pasi, viatu vya sikukuu. Binti yake Shamsa, mwalimu wa historia katika sekondari moja ya Mirongo, alikuwa amemwalika awasimulie wanafunzi enzi za viwanda vya umma. Miaka kumi na tisa mzee huyu alisimama kwenye mashine ya kufuma nguo, na hakuna aliyewahi kumwomba asimulie. Leo mwanawe mwenyewe angemsikia akipewa heshima yake.

Kilichomchanganya kwanza ni ubao. Shamsa alikuwa ameandika, "Sababu za kudumaa kwa uchumi uliopangwa na serikali," na chini yake sababu tano. Mbaruku alidhani ameitwa kusimulia ushindi, kumbe kuna maiti inachunguzwa. Akajipa moyo kwamba labda mafanikio yako kwenye ubao wa pili. Darasa lile lilikuwa na ubao mmoja.

Basi akaanza na mwaka wa sabini na tisa, walipovuka lengo. Makao makuu Dar yalipanga mita za vitenge, akaeleza, na mita ndizo zilizohesabiwa. Vipuri vya mashine viliagizwa wala havikuja, na mwezi ulikuwa unaisha. Wakapunguza nyuzi, zile zinazokatisha kitambaa upande hadi upande. Nguo ikatoka mbio, lengo likavukwa, wakachinjiwa ng'ombe wawili. Akasubiri makofi. Wanafunzi walikuwa wanaandika tu.

Binti mmoja, Kija, akanyoosha mkono kuuliza kama vitenge hivyo vilidumu. Mbaruku akakiri kwamba vilikuwa kama chandarua. Mkewe alikuwa akivaa viwili kwa pamoja. Lakini vyote vilinunuliwa, akasisitiza, watu walipanga foleni tangu alfajiri. Nguo mbaya ingegombewa vipi?

"Kulikuwa na nyingine dukani, babu?"

Hapakuwa na nyingine. Alijibu hivyo mwenyewe. Miaka arobaini na ushee aliihesabu ile foleni kuwa sifa yake, sasa hakujua aiweke wapi. Ilimuuma. Akamtazama Shamsa amwokoe, lakini Shamsa naye alikuwa amemkazia macho.

"Mlijua kwamba nguo ni mbovu?" akauliza taratibu.

"Tulijua. Meneja alijua. Hata waliotoka Dar kuzipima walijua, walizishika kwa mikono yao."

"Na hakuna aliyesema?"

Nani angemwambia nani, na wote wanajua? Alitafuta jina la jambo hilo, asilipate. Hakuelewa hata kama alikuwa anashtakiwa au anaulizwa tu.

Kija akataka kujua kama hiyo nayo ni sababu, waiandike. Shamsa akageukia ubao, akaandika namba sita, akabaki ameshika chaki.

"Niandike nini, baba?"

Mzee akaitazama ile namba.

"Andika kwamba tulijua," akasema.

Wanafunzi thelathini na nane wakainama, wakaandika.