Mashuka Yaliimba Nusu

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, shuka jeupe la kitanda cha watu wawili, lenye pindo la buluu, lilitoka kwenye mashine namba tatu likaanza kuimba. Pilipili alikuwa ameshika ncha mbili. Akalikung'uta mara ya pili, kama kazi inavyotaka, nalo likapaza sauti. Ilikuwa sauti ya dada yake, aliyekufa mwezi uliopita. Pilipili alisikiliza mpaka liliponyamaza, akajifuta uso kwa kiwiko, akalipitisha kwa wapiga pasi.

"Hili bado lina maji," alisema aliyelipokea.

"Lina maneno," alisema Pilipili.

Kiwanda kile kilifua mashuka ya hoteli tatu, hospitali moja na nyumba za wakubwa. Katikati ya sakafu palikuwa na mstari wa njano. Upande wa maji walifanya kazi weusi, upande wa pasi walifanya kazi weupe. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo, ila rangi ya mstari ilipakwa upya kila mwaka. Kila upande ulikuwa na meza yake ya chai na choo chake. Tatizo ni kwamba shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Basi mfuaji alishika ncha mbili, mpiga pasi akashika mbili, shuka likanyooshwa juu ya mstari, wawili hao wakasogeleana, na kabla vidole havijagusana mfuaji aliachia. Walikuwa hodari sana wa kuachia. Pilipili alikunja mashuka miaka kumi na mmoja na mwanamke aliyeitwa Mama Pasi, na hakuwahi kujua kama mikono ya mwenzake ilikuwa ya moto au ya baridi.

Aliyeharibu utaratibu huo alikuwa dada yake. Alikuwa na mdomo, dada yule, hakuna aliyembishia. Alitunga wimbo wa kukunjia, wafuaji waanze, wapiga pasi waitikie, na asipoitikia mtu shuka linakwenda kombo:

Huku maji, huko moto.
Shuka ni moja!
Mkono huu, mkono ule.
Shuka ni moja!

Mwanzoni wapiga pasi waliitikia kwa sababu kazi ilikwenda haraka. Baadaye waliitikia kwa sababu walipenda. Mwishowe meza mbili za chai zilisogezwa zikakutana juu ya mstari, na siku moja watu wa pande zote mbili walipanda ngazi kwa foleni moja hadi ofisini kwa Meneja, wakiimba, kudai choo kimoja, mapumziko sawa, na bomba la mvuke la chumba cha kuloweka litengenezwe kabla halijaua mtu. Meneja aliwasikiliza akitabasamu. Hata aliwashukuru.

Kesho yake alimhamishia yule dada chumba cha kuloweka, peke yake. Na kwa kuwa sauti yake ilipenya, akafunga mlango kwa kufuli na kutia ufunguo kwenye mfuko wa kizibao. Siku ya tatu bomba likapasuka. Dada aligonga mlango. Kiwanda kizima kilimsikia akigonga, kisha hakikumsikia tena.

Ripoti ya uchunguzi ilikuwa ya ukurasa mmoja. Ilisema mlango ulikuwa wazi, na marehemu alichelewa kutoka kwa ukaidi wake mwenyewe. Chini yake walisaini wapiga pasi wanne, na sahihi ya kwanza ilikuwa ya Mama Pasi. Pilipili aliibeba nakala kifuani, ndani ya sidiria, ikamkwaruza kutwa nzima. Alitaka kitu kimoja tu duniani, neno "wazi" lifutwe. Na aliyefunga alipie kifo kile, lakini hilo hakumwambia mtu.

Baada ya mazishi Meneja alibandika tangazo, kuimba marufuku. Watu wakafyata ulimi. Meza za chai zikarudi kila moja kwake. Ndipo mashuka yakaanza.

Kufikia Jumatano yalikuwa yakiimba yote, ya hoteli na ya hospitali. Yaliimba beti zile za zamani, kisha ubeti mmoja mpya ambao hakuna aliyewahi kuusikia:

Nagonga kwa ngumi, nagonga kwa kichwa.
Nani kafunga mlango?

Hapo yalinyamaza. Yaliimba nusu, kwa sababu jibu ni la upande wa pasi.

Meneja aliagiza yasuuzwe mara mbili. Yakasuuzwa, sauti ikawa safi zaidi. Akaagiza dawa ya madoa iongezwe, wafuaji wakababuka vidole, wimbo haukubabuka. Wateja hawakulalamika kuhusu wimbo wenyewe. Mtu akijitupa kitandani, shuka linaimba, atafanyaje? Walilalamika kwamba hauishi. Mwenye hoteli moja aliandika kuwa wageni wake wanabaki wamekaa kitandani wakisubiri kiitikio kama watu waliokwama na chafya. Hospitali iliomba, kwa heshima zote, wimbo umaliziwe ili wagonjwa wapate usingizi.

Meneja si mjinga. Aliwaita wapiga pasi, akawapa jibu lililochapwa kwa mashine: "Hakuna aliyefunga, mlango ulikuwa wazi." Walisimama nyuma ya meza zao, wakaliimba kwa pamoja mbele ya mashuka mia mbili. Mashuka yakalowa palepale. Maji yalichuruzika mezani, yakaingia kwenye viatu vya Meneja, na alipotoka aliacha nyayo hadi ngazini. Ikabidi mashuka yote yarudi kukaushwa.

Siku ya pili walijaribu tena, yakalowa tena. Wapiga pasi walianza kukohoa. Mama Pasi alipoteza sauti kabisa kwa saa nzima.

Saa nne, wakati wa chai, Pilipili alivuka mstari. Wafuaji waliacha kutafuna. Alikwenda moja kwa moja hadi meza ya weupe, akatoa ile ripoti kifuani, ikiwa imelainika kwa jasho, akaitandaza mbele ya kikombe cha Mama Pasi.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Mlango ulikuwa wazi?"

Mama Pasi aliangalia chai yake. Alikuwa mwanamke mnene mwenye makovu ya pasi hadi kwenye viwiko. "Mwenzangu, niliogopa," alisema. "Aliniita ofisini, akaniambia mimi na dada yako si wa damu moja, nisijiponze kwa ajili ya mtu asiye wangu. Nikasaini. Tangu siku hiyo najilaza kitandani nasikia ngumi zake."

Akaanza kulia. Pilipili alimtazama machozi yakimdondoka, na moyoni alifurahi, tena alifurahi sana. Alitamani yadondoke mpaka mwanamke yule akauke kama kitambaa. Lakini alikuwa na haja naye.

"Machozi yako kaa nayo," alisema. "Mimi nataka sauti yako. Amka."

Akamshika mkono. Ulikuwa wa moto. Akamwinua, wakaenda hadi mstarini, Pilipili akachukua shuka la kwanza kwenye kikapu, akampa ncha mbili. Wakalinyoosha. Shuka likaimba, likagonga kwa ngumi, likagonga kwa kichwa, likauliza.

Mama Pasi akafumba macho.

Meneja kafunga mlango, aliimba, kwa sauti mbovu iliyokwaruza. Ufunguo u mfukoni mwake. Nami nilimwona, nami nikanyamaza.

Shuka halikulowa. Lilikauka mikononi mwao, likawa na joto kana kwamba limetoka kwenye pasi. Wale watatu wengine waliosaini wakasimama, wakashika ncha, wakaimba yao. Kisha wote, weusi na weupe, kila mtu na mwenzake, mashuka mia mbili kwa dakika arobaini, na hakuna aliyeachia kabla vidole havijagusana. Tangazo la Meneja lilikuwa bado ukutani. Hakuna aliyejisumbua hata kulibandua.

Ilipokutana mikono kwa shuka la mwisho, Pilipili alimsogelea Mama Pasi sikioni. "Sijakusamehe."

"Najua," alisema Mama Pasi. "Vuta upande wako."

Nguo za wakubwa zililowekwa kwenye kile chumba alichofia dada. Tangu msiba hakuna aliyetaka kuingia humo. Pilipili aliomba mwenyewe apelekwe, na Msimamizi wa zamu alishangazwa na ombi hilo kuliko alivyowahi kushangazwa na mashuka. Bomba lilikuwa limefungwa kitambaa mahali lilipopasuka, nacho kilikuwa kikitoa mvuke kidogo. Pilipili hakulijali. Alitafuta foronya za nyumbani kwa Meneja, nne, zenye herufi za jina lake zilizotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Akazifua kwa mkono, polepole, akiziimbia wimbo mzima kutoka mwanzo hadi jibu. Alizisugua kwa chuki tamu iliyomfanya asahau njaa. Mama Pasi akazipiga pasi, akazikunja na kuzipeleka garini mwenyewe.

Jumanne Meneja alipofungua kinywa kumwomba mkewe chai, ulitoka wimbo. Alianzia huku maji, huko moto, akapitia ngumi na kichwa, akamalizia kwa sauti nzuri ajabu: Mimi nilifunga mlango, ufunguo u mfukoni mwangu. Ndipo akaweza kuomba chai. Ikawa hivyo kila alipotaka kusema. Aliimba kwenye simu. Aliimba kwa kinyozi. Mkewe alijifunza kumimina chai mapema.

Pilipili alilala usingizi mnono wiki ile. Alimfikiria mwanamume yule akikiri mara hamsini kwa siku, akajiambia bado, acha aimbe mpaka koo litoke damu.

Mwisho wa mwezi Meneja aliitwa mbele ya wakurugenzi na yule bwana aliyeandika ripoti. Wafuaji na wapiga pasi walipelekwa pia, safu moja ukutani, wakiwa wameshikana mikono. Meneja alisimama akaimba yote. Alipofika kwenye ufunguo aliutoa mfukoni mwenyewe akauonyesha. Wakurugenzi waligonga meza kwa vidole kufuata mapigo, na mmoja, mzee wa watu, aliitikia kwamba shuka ni moja. Wimbo ulipokwisha walipiga makofi. Mwandishi wa kikao aliandika: Meneja aliimba. Kikao kiliendelea na ajenda ya pili.

Pilipili akaivuta ripoti kifuani. "Na neno 'wazi'?"

"Ripoti ilishafungwa, dada," alisema yule bwana, kwa upole kabisa. "Ila wimbo ni mzuri."

Wakurugenzi waliupenda hivi kwamba waliuandika ubavuni mwa magari ya kiwanda, kwa herufi za njano, Shuka ni Moja. Hoteli mpya mbili zikaleta mashuka yao. Rangi ya mstari ikapakwa upya, ingawa meza za chai zilikaa juu yake na hakuna aliyeweza kuzitenganisha, hata Msimamizi alipoleta watu wanne wa kuzivuta.

Jumatatu iliyofuata, saa mbili na robo asubuhi, Pilipili aliingia chumba cha kuloweka, akavaa glavu, akatoa foronya za Meneja kutoka kwenye kikapu na kuziweka juu ya nyingine zote. Kitambaa cha bomba kilidondosha matone. Alisikia viatu vikija, na ile sauti nzuri ikija navyo, ikiuliza nani kafunga mlango. Nje, Mama Pasi na wenzake wote wakajibu, Meneja. Meneja akajibu pia, ni mimi, akauvuta mlango kutoka nje, na ufunguo ukazunguka mara mbili.