Bafu la Baba Mkwe

Wanawake wengine wana wivu wa mume. Kanyere alikuwa na wivu wa bafu, tena bafu lenyewe si lake, lilikuwa Butembo, kwa mke wa shemeji yake. Alilionea kijicho tangu siku alipoingia humo akijifanya ana haja ndogo, akafunga mlango, akaanza kupima ukuta kwa shibiri. Vigae vyeupe vilipanda mpaka karibu na dari. Bomba liling'aa. Alipotoka aliuliza habari za watoto kana kwamba hakuona kitu, na njia nzima ya kurudi kwake Beni alihesabu vigae kichwani.

Huyo mke wa shemeji aliitwa Solange, mama Shalom, na mumewe Zacharie ni mdogo wa Paulin, mume wa Kanyere. Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Paulin ndiye mzaliwa wa kwanza, na Kanyere ndiye mkamwana wa kwanza kuingia katika ukoo ule, lakini baba mkwe wao, mzee Syauswa, kila aliposhuka kutoka kijijini kwake Lubero alilala kwa Solange. Anakula kwa Solange, anaota jua kwa Solange, kisha huyo, anarudi kijijini bila kukanyaga Beni. Zamani Kanyere alikuwa na la kujiambia: wao ni wapangaji kule mtaa wa Beu, chumba na sebule, mzee angelala wapi? Sasa walikuwa wamejenga. Nyumba ya matofali, ya kwanza kuwa yao wenyewe, huko Mulekera, Beni hiyo hiyo. Na mzee bado haji.

Basi Kanyere akakata shauri kwamba mzee anafuata vigae. Paulin, seremala asiyependa maneno mengi, alimkumbusha kwamba baba yake alikua akioga mtoni. Kanyere akajibu kwamba hata wa mtoni akishaonja dushi harudii mto.

Mwaka ule njia ya Mabalako ilikuwa na usalama, watu wakaweza kwenda mashambani, na kakao ya Kanyere ilimtendea haki. Paulin alitaka waanze na tanki la kukinga maji ya mvua, na shimo la maji machafu lichimbwe mbali na msingi. Shimo Kanyere alilikubali shingo upande. Tanki akasema litangoja. Abdias, fundi wao, alipouliza mlango wa bafu uelekee wapi, na kushauri uani ili unyevu utoke, Kanyere hakumwacha amalize. Uelekee sebuleni, akasema, kwa sababu kwa Solange unaelekea sebuleni. Abdias alipewa kidirisha kimoja cha kupitisha hewa, akashukuru, akachanganya saruji.

Nyuma ya jiko kulikuwa na bafu lao la kwanza, nguzo nne na mabati ya zamani, jiwe bapa katikati. Ndilo lililowaogesha tangu wahamie. Siku vigae vilipokauka, Kanyere aliamuru livunjwe, akapanda migomba pale pale, maana hakutaka mgeni aone wametoka wapi. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kanyere alikuwa ameijengea nyumba.

Ungemwona alivyolitunza lile bafu ungedhani analea mtoto mchanga. Asubuhi anafungua kidirisha ili ukungu usipate pa kushika. Anasugua katikati ya vigae kwa mswaki mkuukuu na ndimu, anafuta bomba, anarudi kulifuta tena. Watoto wake wa kuzaa, Keren na wadogo zake, walikatazwa kuoga humo mpaka babu yao atangulie. Waliogea kwa jirani, na jirani alikuwa ameanza kununa.

Sasa, mkamwana yeyote wa kwao anajua kwamba baba mkwe haogi mahali ambapo mke wa mwanawe atasikia maji yakimmwagikia. Ni heshima ya tangu zamani, haihitaji kufundishwa. Kanyere aliijua vizuri sana. Ila alijiambia kwamba ikiwa mzee anaoga kwa Solange, nyuma ya mlango wa sebule, basi mambo hayo yamekwisha mjini. Vigae vimeyamaliza.

Mzee alikuja. Alikuja kwa sababu padri alikuwa anabariki nyumba, na baraka za nyumba ya mtoto wa kwanza hazikosi baba. Watu walikula mbuzi, wakaimba, wakatembezwa vyumbani, na kila ziara iliishia bafuni. Mzee Syauswa alipapasa ukuta kwa kiganja, akasema kazi ni nzuri. Kanyere aliona ameshinda. Kilichobaki ni kimoja tu: mzee aoge, alale, na habari ifike Butembo.

Jioni alichemsha maji, akaweka ndoo ndani pamoja na taulo mpya, akaja kuketi sebuleni karibu na mlango, akingoja. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, magoti pamoja, anaangalia ule mlango kisha anaangalia sakafu. Alimuuliza Paulin kwa sauti ya chini nyuma ya nyumba kuna nini. Paulin akajibu kuna migomba. Mzee akavaa kofia, akasema amekumbuka kwamba hajamsalimia mpwa wake Kitsa, kule Beu. Alilala kwa Kitsa. Asubuhi alirudi ameoga, shingo inang'aa mafuta, akawaaga wote kwa upole na kupanda gari la Butembo.

Kanyere alilia kwa hasira mpaka kichwa kikamuuma.

"Kwa Solange anaogaka," alimwambia Paulin. "Kwangu, hapana. Yule muzee hanipende."

Paulin alijaribu kusema jambo kuhusu mlango. Akakatizwa. Mlango ni ule ule, alisema Kanyere, shibiri kwa shibiri.

Hakuweza kukaa na lile donge. Mzee akiwa bado Butembo, naye akapanda gari, akisema anakwenda kutafuta vitenge. Ukweli ni kwamba alitaka kumwona mzee kwa macho yake akiingia katika bafu la Solange, ili uchungu wake uwe na ushahidi. Alifika alasiri. Mzee alikuwa amelala kidogo chumbani. Sebuleni hapakuwa na mtu, kwa hiyo alipitiliza kwenda jikoni, na huko akamkuta Solange akimimina maji ya moto kwenye ndoo.

Solange alimsalimu, akainua ndoo, akatoka nayo mlango wa nyuma. Kanyere akamfuata. Walipita mti wa parachichi, na nyuma yake, mbali na madirisha yote, kulikuwa na nguzo nne, mabati yenye kutu, na jiwe bapa.

Kanyere alisimama.

"Muzee anaogeaka hapa?"

"Sasa aogee wapi? Atakubali mimi nisikie maji yake pale salon?" Solange aliweka ndoo chini. "Zacharie alitaka kuvunja. Nikakatala."

 Kanyere alikumbuka migomba yake. Alimwambia Solange kwamba angeweza kumweleza, maana alijua wanajenga, kila mtu alijua.

"Hukuniulizaka," alisema Solange. "Ulikuya kupima na mikono, alama za vidole zikabaki kwa vigae, donc nikajua unajenga kama yangu." Alipangusa mikono kwenye kitenge. "Mais sitakudanganya, mama Keren. Nilijua atakosa fasi ya kuoga kwako. Nikanyamaza. Akikuwa hapa, anasema tu juu yako. Mama Keren analima, mama Keren alijenga. Nikajua akilala kwako mara moja, hatarudia tena kwangu."

Ilimjia Kanyere furaha ya aibu. Miaka yote hiyo, mwenye vigae ndiye alikuwa anamwonea wivu. Alitaka kukasirika akashindwa. Alitaka kucheka, nako akashindwa. Solange alimsukumia ndoo kwa mguu na kumwambia leo abebe yeye, maji yasipoe.

Kanyere aliibeba kwa mikono miwili. Aliiweka juu ya jiwe, akatundika taulo kwenye bati, akaonja joto la maji kwa kiwiko. Aliposikia nyayo za mzee zikija kwa njia ya upande wa pili alijiondoa upesi, kama inavyopasa, akiinamisha kichwa, mabati yakiwa katikati yao. Mzee alisikia mkamwana akiondoka, asione ni yupi.

"Aksanti, mama Shalom," alisema mzee kutoka ndani. "Wee ndiye unajua kuniheshimia."

Mkamwana hamjibu baba mkwe aliye bafuni. Kule mlangoni mwa jiko Solange alikuwa amesikia, na yeye pia hakuweza kusema. Kanyere aliendelea kutembea, mdomo ameufunga, mpaka mahali ambapo maji hayasikiki.