Zamu ya Eliufoo

Asubuhi ile magongo yalikuwa yameegemea ukuta wa nje, na mume wangu Eliufoo hayupo.

Alikuwa ametoka hospitali Moshi wiki iliyotangulia. Goti lake la kulia lilichoshwa na miaka ya kushusha ndizi mlimani. Gegedu, ile nyama ngumu inayokaa kati ya mifupa, ilichanika, na kila hatua ikatoa mlio kama kijiti kinachovunjwa. Madaktari walisafisha, wakatoboa vitundu kwenye mfupa ili gegedu jipya liote.

"Mlio hamtausikia tena," daktari alituambia. "Ila asikanyage kwa mguu huo mpaka nimruhusu."

Jioni ya kuamkia siku ile, shemeji yangu Elinaza alikuja kumjulia hali.

"Kaka, sasa una miguu minne. Mbuzi wako watakuonea wivu."

"Mbuzi hawana zamu ya maji kesho," Eliufoo akajibu.

Huku kwetu milimani, maji ya mfereji hulala kwenye ndiva, bwawa letu la udongo na mawe. Mwenye zamu hupanda alfajiri kuzibua. Jua likichomoza hajafika, maji ni ya anayefuata. Na mahindi yetu yalikuwa yameanza kujikunja.

"Nitaenda mimi," Elinaza akasema.

"Wewe una zamu yako. Mtu hazibui mara mbili."

"Basi niende mimi," nikasema.

"Mke huzibua mume akishazikwa. Wakikuona kule watajua nimekufa."

Asubuhi ile tulimkuta chini ya ukuta wa ndiva, kichwa kwenye mawe, ameshakata roho. Magongo huteleza kwenye njia ile, ndiyo maana aliyaacha. Kizibo alikuwa ameshakitoa. Maji yalikuwa yakishuka shambani kwetu, na hakuna aliyethubutu kuyafunga mpaka zamu ilipokwisha.

Msimu ulipofika, mahindi yale yalizaa kuliko ya jirani yeyote. Sikuweza kuyala.

Tangu mazishi nilianza kuusikia ule mlio wa goti lake. Nikiinama mferejini unapita nyuma yangu, kak, kak, ukipanda. Sikumwambia mtu. Nilisema tu kwamba ndiva sipandi.

Mzee Yonathani, msimamizi wa ndiva, akaja nyumbani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama Blessing. Zamu mbili zimepita hujaonekana. Ya tatu ikipita wataigawa, na haitarudi."

"Njia ile inanitisha, baba."

"Inatutisha sote. Lakini mwanao atakula nini?"

Zamu ilipofika nikapanda, giza halijaisha. Mlio ulikuwa mbele yangu, ukienda haraka kidogo kuliko mimi. Penye ukuta ukanyamaza. Nikainama pale, nikakitoa kizibo.

Zamu yetu ni Jumatano. Anayezibua ni mimi.