Sauti ya Mwalimu Ilipokauka

Mwalimu Magdalene alikuwa akiwasomea watoto wa gredi ya tatu, katika shule moja ya Murera, hadithi ya fisi aliyetumbukia kisimani. Katikati ya hadithi mafua yakamzidi, sauti ikakauka kabisa.

"Sasa fisi atatoka ama hatoki?" watoto wakalalamika.

Mwalimu akawanyooshea kitabu ili mmoja wao aendelee. Wangeci, aliyechanganya r na l na hivyo kuogopa kusoma mbele ya wenzake, akakichukua. Akaanza polepole, kidole kikifuata maneno.

"Fisi akaria, 'Nitoeni!'"

Hakuna aliyecheka.

"Endelea basi!" Lynn, jirani yake, akamhimiza.

Wangeci akasoma mpaka fisi akavutwa nje kwa kamba. Kengele ya chakula ikalia, lakini yeye alishaanza hadithi iliyofuata, na wenzake hawakuinuka.