Alama za Pumzi

Kwa miaka thelathini na minne Mwalimu aligawa alama kwa uchungu, kama mtu anayechangia damu. Kumi kwa kumi hakuwahi kumpa mtu, hata binti yake wa kumzaa, ambaye leo ana watoto watatu na kinyongo bado hakijamtoka. Basi alipopasuliwa moyo, akapelekwa chumba cha mazoezi, mtaalamu wa viungo, msichana ambaye wagonjwa walimbandika jina la Afande, akamwambia, "Nikikuuliza 'ngapi', nitajie pumzi yako, sifuri mpaka kumi." Mzee wa watu hakuhitaji maelezo zaidi. Na Afande, mwenye wagonjwa kumi na mmoja wa kukimbizana nao, hakuyaongeza.

Mambo yakaanza kwenda kombo hapo hapo. Afande alikuwa anapima shida ya kupumua: sifuri ni raha mustarehe, kumi ni kukata roho. Mwalimu alikuwa anasahihisha mtihani.

Siku ya kwanza alizizunguka koni mbili za njano mara tatu, kifua kimetulia tuli.

"Ngapi, Mwalimu?"

"Nane," akasema kwa haya, maana alijiona amejipendelea.

"Kaa chini! Kaa, kaa!" Kiti kikasukumwa nyuma ya magoti yake.

Mwenzake wa zamu ile, dereva mstaafu wa lori mwenye mapafu mabovu, akajibu "Tatu," akaongezewa mizunguko. Mwalimu akamwonea huruma: mtu anafeli, tena anabebeshwa kazi!

"Usikate tamaa, ndugu yangu," akamnong'oneza. "Utapanda tu."

"Nipande nini?" Dereva akamkodolea macho.

Kifaa cha kidoleni, cha kupima hewa kwenye damu, kilisema inatosha, lakini Afande alikuwa na msimamo wake: mashine inasoma damu tu, dhiki ya kifua anaijua mgonjwa mwenyewe. Kwa hiyo kila Mwalimu alipotaja nane, mazoezi yalipunguzwa. Alipotaja tisa, yakapunguzwa zaidi. Wiki ya tano alikuwa akija, akikaa, akirudi. Miguu ikawa kama si yake. Kichwa kikamzunguka: shule gani hii, aliyefaulu anakalishwa?

Angeuliza, ila aliogopa kumuudhi Afande. Nyumba yake ilikuwa ghorofa ya tatu, ngazi tupu, na daktari alikuwa amesema asizipande mpaka atembee dakika sita bila shida. Hivyo alilala kwenye kochi kwa binti yake, huku mkewe amebaki juu na cherehani yake. Miaka arobaini ya ndoa hawakuwahi kulala nyumba mbili.

Siku ya kupimwa dakika hizo sita, mkewe alikuja kumchukua, akaketi kwenye benchi, amevaa viatu vya kutokea. Dakika mbili zikaenda vizuri. Ya nne, jasho likamchuruzika, ukuta ukaanza kumkaribia wenyewe.

"Ngapi?"

Mwalimu hakuwa mtu wa kujipendelea siku ya mtihani. "Mo... ja."

"Moja! Safi kabisa! Ongeza mwendo!"

Huyu msichana ana akili timamu kweli? Akaongeza hatua mbili, akaukumbatia ukuta. Kifaa kikapiga kelele. Afande akamdaka, akamkalisha. "Vuta kwa pua, toa kwa mdomo, kama unapuliza chai. Moja gani hii, Mwalimu, midomo imepauka hivi?"

"Moja kwa kumi! Ulitaka nijipe ngapi, na mtihani umenishinda?"

Afande akafungua kadi ya Mwalimu. Nane, nane, tisa, tisa. Akakaa sakafuni, akamweleza.

"Kwa hiyo nilipokuwa mzima ulinikalisha," Mwalimu akasema polepole, "na nilipokuwa nakufa ukanikimbiza?"

"Si wewe ndiye uliyeniambia!"

Dereva alicheka mpaka naye akahitaji kiti.

Nusu saa baadaye, mapigo yalipotulia, Afande akampa nafasi nyingine: atembee apendavyo, asimame akichoka. Mwalimu akajikongoja dakika zote sita. Safari hii kifaa kilinyamaza. Kifua ndicho kilichokuwa kinawaka moto.

"Ngapi?" Kalamu ikamngoja. "Ikiwa tatu au chini, unakwenda kwako leo."

Majibu yote sasa alikuwa nayo. Kule kwenye benchi mkewe alikuwa akimwonyesha vidole viwili, waziwazi, bila aibu. Watoto wangapi aliwatoa darasani kwa kuonyeshana vidole? Akamtazama mke, akaitazama kalamu. Hakujua kama anachotaka kusema ni ujinga au ni nini.

"Saba," akasema.

Afande akaandika. "Tunaanza upya Jumatatu. Wiki sita, na safari hii utatoka jasho."

Mkewe akaja akasimama mbele yake, mikono kiunoni. "Yaani umeshindwa hata kudanganya?"

"Sijui hata nimefeli au nimefaulu, mama watoto."

"Utajua huko huko kwenye kochi," akasema, akimshika mkono amwinue. "Usiku usogee ukutani. Leo nami nalala huko."